Ringi, boksi za kuingiliana au vitofali: mtoto wa Mtwara umchukulie kipi

Nianze na jibu afu maelezo yafuate nyuma, mana najua kuna watu wanasoma hii wako dukani kabisa, simu mkono mmoja mtoto mkono mwingine. Kama hela ya midoli inatosha seti moja tu na mtoto ana kati ya mwaka mmoja na miaka mitatu, chukua boksi za kuingiliana, zile ambazo ndogo inaingia kwenye kubwa na hiyo kubwa inaingia kwenye kubwa yake. Kama mtoto hajafika hata mwaka basi ringi, zile za kuvisha kwenye kijiti, zinamtosha, ila usizitolee hela ya maana. Na kama nyumbani mna watoto wawili watatu wanaopishana umri, au una kachekechea kako pale uani unahangaika nako, hayo mengine waachie watu, wewe nenda kwenye vitofali, vile vipande vya kujengea.

Hapo naongelea vya mbao, plastiki ntaigusa mbele kidogo. Na naongea na mtu anayeishi huku kwetu, Mtwara, Mikindani, Lindi, Kilwa, pwani ya joto na unyevu, mana ushauri mwingi uliopo mtandaoni umeandikwa na watu wa nchi za baridi wenye mashine za kupasha joto ndani ya nyumba, mbao zao shida yake ni kukauka mpaka kupasuka, sie huku shida yetu ni mbao kuvimba. Na hiyo ndo inaamua vitu vingi kuliko rangi nzuri uliyoiona kwenye picha.

RINGI

Ringi ni ile ya kijiti kimoja kimesimama kwenye kitako afu kuna maduara yenye tobo katikati unayavisha. Watu wengi ndo wanaanza nayo kwa sababu ndo inayozawadiwa sana, mtoto kafika arobaini tu mtu kaleta ringi. Sawa, si mbaya, ila elewa inafanya kazi gani. Mtoto wa miezi nane tisa hawezi kuvisha, yeye anavua, anatoa moja anaipeleka mdomoni anaitupa anatoa nyingine, na msimgombeze, hiyo kwake ni kazi kweli kweli mana kuachia kitu kwa makusudi ni ujuzi unaokuja nyuma ya kushika. Kuvisha kunaanza karibu na mwaka, kwa kubahatisha, na akishaweza kulenga tobo lenyewe basi mdoli umeisha utamu, kuna watoto wanaitaka bado lakini wengi utaikuta ringi moja chini ya kochi, mbili kwa jirani, kijiti kinatumika kupigia sufuria.

Ringi zenyewe ziko za namna mbili na wauzaji hawakwambii. Kuna ya kijiti kilichonyooka, unene uleule juu mpaka chini, hiyo ringi yoyote inaingia popote, mtoto akianza na ndogo afu kubwa juu hakuna kitu kinachomwambia kakosea. Kuna ya kijiti kilichochongoka kwenda juu na matobo ya ringi yanapishana upana, hiyo ringi ya juu ikitangulia inakwama njiani, mtoto anaona mwenyewe kwamba hapa pana jambo. Kama unanunua kwa ajili ya kujifunza mpangilio wa ukubwa, ya pili ndo yenyewe. Kama ni mtoto wa miezi nane wa kuvua na kutupa, ya kwanza ni rahisi zaidi kwake, haimkasirishi.

Kijiti chenyewe kiangalie. Mtoto anayejifunza kusimama anaanguka hovyo, na kijiti kigumu cha mbao kilichokazwa kwenye kitako kizito kinamsubiri kwenye usawa wa uso. Nataka kifupi, kichwa cha mviringo kabisa, na kitako ambacho kikisukumwa kinalala. Fundi akishakuchongea kijiti kimenyooka kirefu cha kupendeza mrudishie akikate.

BOKSI ZA KUINGILIANA

Hapa ntakaa kidogo.

Boksi tano zisizo na mfuniko, za mraba, unaweza kuziingiza zote ndani ya moja, unaweza kuzigeuza kifudifudi ukajenga mnara, unaweza kuficha chungwa ndani ya moja ukamuuliza mtoto liko wapi, unaweza kumwagia mchanga. Yani kwa hela ya mdoli mmoja umepata wa kupanga juu na wa kuingiza ndani, wakati ringi ina mchezo mmoja tu. Afu zinajisahihisha zenyewe, kubwa haiingii kwenye ndogo hata ulie, na huhitaji kukaa pembeni kusema "hapana mwanangu, sio hiyo." Mama yuko jikoni, boksi zinafundisha.

Kuna utafiti wa zamani naupenda sana, wa mwaka 1972, wa Mmarekani Patricia Greenfield na wenzake. Walichukua vikombe vitano vya kuingiliana wakawapa watoto wa kuanzia miezi 11 mpaka 36, wakaangalia tu mikono inafanya nini. Wadogo kabisa walikuwa wanachukua kikombe kimoja wanaweka kwenye kingine, basi, wamemaliza. Waliokua kidogo walikuwa na kikombe kimoja kimekaa pale hakisogei, wanaleta vingine kimoja kimoja wanatia humo humo. Wakubwa ndo wakawa wananyanyua kikombe ambacho tayari kina kingine ndani, wanachukua vyote kwa pamoja kama kitu kimoja, wanaviingiza kwenye cha tatu. Hiyo hatua ya tatu ndo kubwa, mtoto ameshaelewa kwamba kitu kimoja kinaweza kuwa kikubwa kwa hiki na kidogo kwa kile kwa wakati mmoja. Sasa ukishajua hivyo, kumtazama mtoto wako na boksi inakuwa raha nyingine kabisa, unaona yuko wapi, na huna sababu ya kumkimbiza.

Na hapa ndo ringi inashindwa moja kwa moja. Ringi iliyovishwa huwezi kuinyanyua na wenzake ukaipeleka mahali, umeshaivisha imekaa. Boksi zinaruhusu ule mchezo wa kubeba kundi zima.

Wifi yangu wa Masasi aliponisikia naongea haya akacheka akasema, "wifi, si sufuria hizo? Sie tumekua na sufuria." Na ana haki yake. Zile sufuria za alumini zisizo na mikono zinauzwa zimeingiliana, mtoto yeyote wa huku ameshazitoa zote akazipanga barazani na kuzipiga. Kama hela hamna kabisa, mpe sufuria ndogo tatu na bakuli mbili za plastiki, somo ni lile lile. Tofauti utaiona kwenye kujenga juu, mana sufuria ukigeuza kitako kina mviringo na inateleza, boksi ya mraba inatulia.

Sasa habari ya unyevu. Mbao inanyonya maji ya hewani na kuyatoa, fundi mmoja wa Mikindani alinambia "dada, mbao inapumua hiyo" na ndo ukweli wenyewe. Mvua za huku kusini ni msimu mmoja mrefu, Desemba mpaka Aprili hivi, na mbao iliyochongwa Agosti kavu kabisa ikifika Februari imenenepa. Haiongezeki urefu kwa kufuata nyuzi, hapo ni kidogo mno, inaongezeka upana, kukata nyuzi. Bao la upana wa sentimita 10 linaweza kuongezeka milimita nzima au zaidi. Kwa meza hata huoni. Kwa boksi zilizochongwa kwa kubanana vizuri, ile "nyuup" tamu ya dukani, ni kwamba Februari zimeingiliana na hazitoki, mtoto analia na baba anatafuta bisibisi.

Kwa hiyo vikombe vya mviringo vilivyokerezwa kwenye mashine, vile vinavyong'aa vizuri, mimi kwa huku pwani siviombi kabisa. Mbao inavimba na kusinyaa kwa upande mmoja karibu mara mbili ya upande mwingine, inategemea pete za mti zimelalaje, kwa hiyo kikombe kilichokuwa duara kamili kinakuwa yai. Viwili vikiwa mayai na havijaelekeana, kwisha kazi.

Boksi ya mraba ina dawa yake, na hii ndo sababu hasa naipendekeza. Mwambie fundi nyuzi za mbao zilale kuzunguka boksi, zisisimame kwenda juu. Zikilala hivyo, mbao ikivimba boksi inaongezeka kimo, mdomo wake unabaki karibu vilevile. Kitako atumie plaiwudi, mana plaiwudi tabaka zake zimepishana haitanuki kama bao moja. Afu nafasi. Vipimo ninavyoagiza mimi ni hivi: upana wa nje sentimita 13, 11, 9, 7 na 5, ukuta unene wa milimita 8. Hapo boksi ya 13 ndani inabaki 11.4, inayoingia ni 11, una milimita 4 za kuchezea, mbili kila upande. Fundi atakwambia "zitalegea hizo dada." Mwambie ndiyo, zilegee. Mtoto wa mwaka mmoja hana mkono wa kulenga, anataka zidumbukie, na mvua ikija bado zinatoka. Kimo kikiwa sawa na upana, mnara wote ni sentimita 45, mtoto wa mwaka na nusu aliyekaa chini mnara unamfika usawa wa kichwa, anaubomoa kwa mkono mmoja, furaha tele.

Misumari hapana. Mbao ikishapumua mara kadhaa misumari midogo inachungulia. Gundi nyeupe ya mbao na maungio ya meno, au hata gundi tupu na pembe zilizokatwa mshazari kama fundi ana mkono mzuri.

VITOFALI

Hivi navipenda kuliko vyote kwa umri mrefu. Vitofali ni vipande tu vya mbao vya kujengea, na mtoto wa mwaka na nusu anapanga viwili vitatu kimoja juu ya kingine, wa miaka miwili anafika sita hivi, wa miaka mitatu anaweka tisa kumi na anaanza daraja, viwili chini kimoja juu yake. Wa miaka mitano anakujengea bandari ya Mtwara na meli inapakia korosho, wa miaka minane bado anavitumia kutengenezea njia za magari. Hakuna ringi inayoishi hivyo.

Mbona sasa sikuvitaja vya kwanza kwa mtoto mdogo? Kwa sababu vitofali havimwambii kitu. Boksi inamwambia hapana, ringi ya kijiti kilichochongoka inamwambia hapana, kitofali kinakubali chochote, na mtoto wa mwaka mmoja aliyepewa lundo la vitofali mara nyingi anavirusha tu mpaka apate mkubwa wa kumjengea. Vinahitaji mwenzie. Nyumba yenye kaka na dada, au chekechea, hapo hapo vinawaka moto.

Historia yake ni ndefu. Mjerumani Friedrich Fröbel, yule wa kindergarten, yani chekechea, alianzisha kituo chake Bad Blankenburg mwaka 1837, na kati ya vitu alivyowapa watoto kulikuwa na mchemraba wa mbao wa inchi 2 uliogawanywa ukawa michemraba nane ya inchi moja moja. Mwanzoni mwa karne ya 20 kule New York mwalimu Caroline Pratt akaja na vitofali vya kipimo maalum, unene ukiwa moja basi upana ni mbili na urefu ni nne. Hiyo 1 kwa 2 kwa 4 ndo siri yote. Viwili vilivyolala ubavu kwa ubavu upana wake ni sawa na urefu wa kimoja, vinne vilivyolala kimoja juu ya kingine kimo chake ni sawa na urefu huo huo, ukivigeuza vipi kila kitu kinakaa usawa. Mtoto anakutana na nusu na robo kabla hajasikia neno hesabu. Vitofali vya hovyo vilivyokatwa kila kimoja na lwake vinachezeka pia ila mnara unayumba na mtoto anadhani ni kosa lake.

Uzuri wake mkubwa kwetu ni kwamba seremala yeyote anavitengeneza, hahitaji mashine ya kukereza wala kuunga kitu. Apasue fito za inchi 1 kwa 2, akate urefu inchi 4, vingine akate inchi 2 viwe nusu, avunje kona kwa msasa, mwisho. Linganisha na boksi: seti ya boksi tano ina kuta ishirini na vitako vitano, ni vipande ishirini na tano vya kupima na kugundisha, kwa hiyo usishangae fundi akitaja bei ya boksi juu sana ya ile ya vitofali hamsini. Hapo unalipa mkono wake, mbao yenyewe ni kidogo. Na kama unataka punguzo usiende Novemba watu wameshika hela ya korosho na kila mtu anaagiza kitanda na kabati, fundi hana muda na wewe. Nenda Mei Juni, mifuko imekauka, atakusikiliza.

MNARA WA PINKI NA WENGINE

Kuna watu wanauliza ule mnara wa Montessori, wa rangi ya pinki. Ni michemraba kumi mizito isiyo na uwazi ndani, kuanzia sentimita 1 mpaka 10. Maria Montessori, yule mwalimu wa Kiitaliano aliyekuwa na namna yake ya kufundisha watoto wadogo, alifungua shule yake aliyoiita nyumba ya watoto Roma tarehe 6 Januari 1907 na vifaa vyake vya aina hii bado vinatumika duniani kote. Ni kizuri, lakini ni cha mtoto wa miaka mitatu hivi kwenda juu na kina namna yake ya kutumiwa, mtoto anabeba mmoja mmoja mpaka mkekani na anahisi uzito unavyobadilika, mana mchemraba wa 10 una ujazo mara elfu moja ya ule wa 1. Kwa mtoto mdogo ule wa sentimita 1 unamezeka, huo ni wa kuufungia kabatini. Chekechea yenye mwalimu anayejua kuutumia, chukueni. Nyumbani kwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu, hapana.

Wale wanasesere wa Kirusi wa kuingiliana, matryoshka, walianza kutengenezwa Urusi miaka ya 1890, ni wazuri wa kuweka kwenye kabati la vyombo vya wageni. Wamekerezwa, ni mviringo, wana rangi kila mahali, mdogo wao ni saizi ya punje. Kwa unyevu wa Lindi wanagoma kufunguka. Nimemaliza nao.

Upinde wa mvua, yale matao yanayoingiliana, mtoto wa miaka mitatu anautumia vizuri sana, daraja, handaki, kitanda cha mdoli. Ila unahitaji fundi mwenye msumeno wa mkanda na gogo pana lililokauka sawasawa, na kuukata kwa mkono ni mateso, kwa hiyo huku unaishia kuagiza Dar na nauli juu.

MBAO GANI

Ukisema Mtwara na kuchonga, mtu anawaza mpingo na vinyago vya Kimakonde, na kweli ukitazama kinyago cha ujamaa, wale watu waliopandana mmoja juu ya mwingine kwenye gogo moja, unaona kabisa kupandanisha vitu kuko kwenye damu ya watu wa Newala na Tandahimba. Ila mpingo kwa mtoto, taratibu. Mpingo ni mzito mpaka unazama kwenye maji. Mchemraba wa sentimita 10 wa mpingo unapita kilo moja, ukidondoka kwenye kidole cha mguu mtahamia hospitali. Tena ni mti unaokua polepole mno na ule wa Kilwa unatakiwa na watengeneza klarineti duniani, kuukatia vitofali ni kufuru. Kipande kidogo kuwa jicho la mdoli, sawa.

Mninga ndo naupa kura kwa boksi. Hauna mambo mengi, ni kati ya mbao zinazotulia kabisa, kuvimba na kusinyaa kwake ni kidogo, uzito wa wastani. Una bei, na hakikisha umetoka kihalali, ila kwa seti moja ya boksi unahitaji mabaki tu ya fundi wa vitanda, muombe yale ya kando. Mtiki nao unatulia. Kwa vitofali hata paini inayoshuka kutoka Mufindi inatosha, nyepesi, rahisi kusugua, ikipata makovu ya meno ni mapambo.

Kuna kitu kimoja hapo kwenye paini, tafadhali. Mbao zile za kijani za kupaulia, zenye dawa, usikubali zikatwe midoli hata kama fundi anakupa bure. Dawa zake ni za kuzuia mchwa na kuoza, nyingi zina shaba na nyingine zina kromiamu na aseniki, na mtoto hiki kitu atakinyonya mchana kutwa. Muulize fundi wazi wazi, "hii ina dawa au haina?" Ikiwa na ukijani, achana nayo.

Mkorosho nao watu wanaomba kwa vile umejaa kila mahali. Mimi siushauri, unaliwa na wadudu haraka, na utomvu wa mkorosho una ukali wake, waliobangua korosho kwa mikono wanajua ganda linavyofanya kwenye ngozi.

RANGI, NA VINAVYOMEZEKA

Rangi ndo sehemu ambayo vya kuagiza na vya fundi vyote vinaweza kukuangusha. Risasi, yani yale madini ya sumu yanayowekwa kwenye rangi, haina kiwango salama kwa mtoto, Shirika la Afya Duniani limesema hivyo, na huwezi kuiona kwa macho wala kuinusa. Rangi ya mafuta iliyobaki kwenye geti usiipake kwenye kitu cha mtoto. Kwa kifupi mimi naagiza bila rangi kabisa. Mbao tupu iliyosuguliwa msasa mnene, afu mwembamba, afu unapangusa kwa kitambaa chenye maji kidogo nyuzi zisimame, ikikauka unasugua tena mara ya mwisho. Ukitaka ing'ae, yeyusha nta ya nyuki na mafuta ya nazi kidogo, paka nyembamba sana, sugua kwa kitambaa kikavu. Mafuta ya nazi hayakauki yenyewe, ukipaka mengi boksi linanata vumbi la Mtwara lote.

Wengine watasema mtoto anapenda rangi. Anapenda, ndiyo, lakini kwenye boksi za kujifunza ukubwa rangi inaweza hata kumpoteza, anakumbuka nyekundu inakaa chini na haangalii ukubwa tena. Zote rangi moja, macho yanabaki na ukubwa peke yake. Mnara wa pinki ni wa pinki wote kwa sababu hiyo hiyo.

Kumezeka: kipimo kinachotumika kwenye viwango vya usalama vya midoli ni kikopo cha upana wa milimita 31.7, kitu kinachoingia humo chote hakifai mtoto wa chini ya miaka mitatu. Nyumbani tumia kile kikaratasi kigumu cha katikati ya toileti pepa, ni kipana kidogo kuliko hicho kwa hiyo kinakupa usalama wa ziada. Ndo mana boksi yangu ndogo inaishia sentimita 5. Na angalia vile vitu vya mitumba, kuna marobota yana midoli mizuri ya mbao tena imara, ila seti haijakamilika na vipande vidogo vya seti ya wakubwa vinakuwa vimechanganyika humo.

Plastiki niliahidi kuigusa. Vikombe vya plastiki vya kuingiliana kwa kweli kwa huku pwani vina haki yao: havivimbi, unaviosha kwa sabuni, unaenda navyo baharini Msimbati. Kama mtoto wako anachezea maji zaidi, chukua vya plastiki kwa roho safi. Mbao inashinda kwenye uzito, mtoto anasikia kitu mkononi, mnara hauangushwi na feni, na ikivunjika seremala wa mtaani anagundisha.

Kwa wenye chekechea, watoto ishirini thelathini, mpangilio wangu ni huu. Ringi msinunue, mtoto wa miaka mitatu minne ameshapita hapo. Boksi seti mbili tatu kwa wale wadogo wanaokuja na dada zao. Hela yote inayobaki iende kwenye vitofali vya kipimo kimoja, vingi, mana kumi na tano mezani ni ugomvi, mia mbili chini kwenye mkeka ni mji. Vyote vitoke kwa fundi mmoja kwa siku moja, wakigawana mafundi wawili inchi zao zinapishana na mnara haukai. Na mkienda kuchukua mzigo bebeni tepu, pimeni kumi vya kubahatisha mbele yake kabla hamjamalizia hela.